Chungu Kizima Hulia

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Natumaini mmekwisha kuketi, na mwalimu wa darasa ameiweka redio mahali pa kufaa ili hata walio nyuma wasikie. Kila mmoja awe na daftari lake na kalamu ya risasi. Lakini msianze kuandika. Leo tutasikiliza kwanza, kisha mwishoni nitawapa kazi.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kuandika jina, kuandika barua, na kusoma risiti. Hayo si mambo madogo. Mtu ajuaye kusoma risiti yake hapunjwi kwa urahisi. Lakini wengi wenu mmekuwa mkiuliza swali moja, nami nimelisikia katika kila darasa nililolitembelea. Mnasema hivi: "Sasa tumejua kuandika. Je, tuandike nini? Sisi ni watu wa jembe, kuni na maji. Leo ni kama jana, na kesho itakuwa kama leo. Katika maisha yetu hamna jambo la kuandikwa."

Swali hili ni la haki, na wala si la kuchekwa. Nami nitalijibu kwa kuwaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Nilipokuwa nimepata stashahada yangu ya chuo kikuu, na bado nikijiona kuwa najua mengi, nilipelekwa kusimamia madarasa ya kisomo kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Matema, katika Wilaya ya Kyela. Wale waliofika huko wanapajua. Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, na miguuni pake ni maji. Katika vijiji vya pwani ile wanaishi Wakisi, na wanawake wa Kikisi wanasifika sana kwa ufinyanzi. Wao huchimba udongo, huutwanga, huukanda, na huufinyanga kwa mikono yao. Vyungu vikiisha kukauka huchomwa kwa moto, kisha hupakiwa katika mitumbwi kupelekwa sokoni Matema.

Darasa letu lilikutana saa kumi jioni katika chumba cha shule, watoto wakiisha kwenda zao. Mlijue jambo hili: dawati la mtoto ni adhabu kwa mtu mzima. Wavuvi wenye magoti marefu walikaa wamejikunja kama panzi. Hata hivyo walikuja.

Siku moja niliwapa kazi ya kunakili sentensi kutoka kitabuni. Sentensi yenyewe ilikuwa, "Baba analima shamba." Wote wakainama, wakanakili. Lakini alikuwapo mama mmoja mfinyanzi, umri wake yapata miaka hamsini, ambaye hakunakili. Yeye aliandika maneno yake mwenyewe. Alichukua muda mrefu sana, akibonyeza kalamu hata karatasi ikatoboka. Mwisho akaniletea daftari. Alikuwa ameandika hivi: "Chugu kizima kinaria, chugu kibovu kinanyamasa."

Nami nilifanya nini? Nilitoa kalamu yangu ya wino mwekundu. Nikapiga duara penye "chugu" mara mbili, kwa sababu herufi n haikuwapo. Nikapiga duara penye "kinaria" na penye "kinanyamasa". Jumla makosa manne. Chini yake nikaandika, "Sivyo ulivyoambiwa. Nakili kitabuni." Mama yule akatazama wino, akafunga daftari, akasema, "Asante, mwalimu," akarudi kuketi.

Wiki iliyofuata hakuja. Wiki ya pili hakuja. Sikujali sana, nikafikiri amechoka kama wachokavyo wengine. Wiki ya tatu, kwa kuwa ilinipasa kujaza habari za watoro, nikaenda nyumbani kwake.

Nilimkuta uani, katikati ya vyungu vilivyochomwa jana yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwalimu. Karibu, kaa kwenye kigoda hicho." Kisha akaendelea na kazi yake. Alikuwa akishika chungu kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia alichokikunja, anakigonga. Chungu cha kwanza kikalia kama kengele ndogo, na sauti ikakaa hewani kidogo. Cha pili vile vile. Alipofika cha saba, sauti ilikuwa fupi na nzito, kama mtu aliyekatizwa maneno. Akakiweka kando.

Nilikitwaa chungu kile nikakitazama nje na ndani. Sikuona kitu. Nikamwambia, "Mama, mbona hiki ni kizuri?"

Hakunijibu. Akakitia maji, akanirudishia. Tukangoja. Baada ya muda mdogo nikaona jasho la maji likitokeza upande mmoja, katika mstari mwembamba kama unywele. Ulikuwa ni ufa ambao jicho langu halikuweza kuuona, lakini sikio lake lilikwisha kuusikia.

Mama yule akasema kwa upole, "Habari hii nilikuandikia, mwalimu. Ukaipiga wino."

Ndugu zangu, nilinyamaza. Nilinyamaza kama chungu kile kibovu. Hatimaye nikasema, "Nisamehe, mama. Liko wapi daftari lako?" Akanyosha mkono kuelekea majivu. Karatasi za daftari lile ndizo zilizowashia moto wa vyungu vile.

Basi, hilo ndilo kosa langu. Mtu mzima alikuwa ameishi miaka hamsini na elimu yake mkononi, akajifunza herufi, na kwa mara ya kwanza akaiweka elimu ile katika karatasi. Mimi niliona herufi iliyopungua, sikuona jambo lililoandikwa.

Nilimwomba arudi, wala si kuketi tu, bali atufundishe. Alifikiri kwanza. Jumatano iliyofuata akaja na vyungu viwili ndani ya kikapu, akasimama mbele ya darasa, akavigonga. Darasa zima likacheka kwa furaha. Mvuvi mmoja akauliza, "Lakini kwa nini kimoja kilie, na kingine kisilie?" Mama akasema, "Mimi najua kwamba ndivyo kilivyo. Kwa nini, hilo tumwulize mwalimu." Wote wakanigeukia. Nami sikujua!

Nilikwenda nikatafuta vitabuni, na wiki iliyofuata nikawaletea jibu. Nanyi nitawaeleza. Sauti ni mtikisiko. Ukigonga chungu kizima, mwili wake wote hutikisika pamoja upesi sana, kuliko macho yawezavyo kuona, na mtikisiko huo husukuma hewa mpaka ukafika sikioni. Lakini penye ufa, kingo mbili za ufa husuguana, na nguvu ya mtikisiko huishia hapo. Kwa hiyo sauti hufa mapema.

Nilijifunza na jambo jingine la ajabu. Udongo mbichi ukikauka juani, ukiutia maji huwa tope tena. Lakini udongo huo ukipata moto mkali, karibu digrii 600, maji yaliyofungwa ndani kabisa ya chembe za udongo hutoka, na chembe zenyewe hubadilika. Tangu hapo hauwi tope tena, hata ukilowekwa mwaka mzima. Watu wamelijua jambo hili kwa vitendo tangu zamani sana. Vigae vya vyungu vilivyofukuliwa katika pango moja la nchi ya China vina umri wa miaka 20,000 hivi. Hata kilimo cha nafaka kilikuwa hakijaanza. Haya yote yalikuwamo katika chungu cha mboga, kile mnachokiinjika kila siku bila kukitazama mara mbili.

Baada ya siku ile darasa letu likabadilika. Kila mtu akataka kuandika la kwake. Mama mmoja mkulima wa mpunga akaandika namna anavyojua kwamba mpunga umekauka: anang'ata punje, na ikikatika kwa mlio, basi imekauka, ikibonyea, bado. Mzee mmoja mwenye shamba la kokoa akaandika hivi: "Tukivuna kokoa tunailundika na kuifunika kwa majani ya mgomba. Siku ya tatu natia mkono ndani, ni moto kama mwili wa mtu mwenye homa. Nani aliyewasha moto humo?"

Lisikilizeni swali hilo tena. "Nani aliyewasha moto humo?" Mzee yule alikuwa ameulima mkokoa miaka mingi, na kila msimu alitia mkono katika joto lile. Hakuuliza mpaka siku aliposhika kalamu. Jibu ni kwamba vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho hula utamu wa nyama nyeupe inayozunguka punje, na katika kula kwao hutoa joto. Bila joto hilo kokoa haiwi na harufu nzuri wala ladha ipendwayo na wanunuzi. Basi mzee alipojua hivyo, alielewa pia kwa nini hasara humpata mtu anayeanika kokoa yake mapema kabla haijaiva katika lundo.

Sasa naweza kulijibu swali lenu. Mnauliza, "Tuandike nini?" Nami najibu: andikeni lile ambalo mikono yenu inalifanya kila siku. Msidhani kwamba mambo ya ajabu yako mbali, ng'ambo ya bahari au mijini. Yako jikoni na shambani. Sisi tumeyazoea tu, na mazoea ni kama ukungu wa asubuhi: kitu kipo mbele yako, nawe hukioni.

Kalamu huuondoa ukungu huo. Kwa nini? Kwa sababu mtu hawezi kuandika asichokitazama. Ukitaka kuandika habari za kuku wako, itakubidi ujiulize: ana rangi gani? Anapoita vifaranga hulia vipi? Anapoona mwewe hulia vipi? Utatoka nje ukatazame. Utakuwa umemfuga miaka kumi, na leo ndiyo mara ya kwanza umemwona.

Na huo ndio mwanzo wa kubuni. Wengine huogopa neno hili, wakadhani kubuni ni kazi ya wasomi. Wazee wetu wasiojua hata herufi moja walikuwa hodari wa kubuni. Mnakijua kitendawili hiki: "Nyumba yangu haina mlango." Jibu lake ni yai. Fikirini basi. Zamani mtu mmoja alishika yai mkononi, kitu ambacho kila mtu amekiona, akaligeuza huku na huku, akasema moyoni, "Ala! Hii ni nyumba, na aliyemo ndani hana pa kutokea." Hakuwa na kitabu wala shule. Alikuwa na yai na macho yake.

Labda mtu atasema, "Haya ni mambo ya darasani. Wanaokumbukwa ni watu wakubwa." Nami nitawatajia mwanamke mmoja aliyeuza vyungu. Jina lake Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya watu maskini. Shule hakupata. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye Siti akawa anatembeza vyungu akinadi kwa sauti ili wanunuzi wamsikie. Sauti ile iliyonadi vyungu ndiyo iliyokuja kuimba taarabu kwa Kiswahili, na katika nyimbo zake alieleza mambo yaliyokuwa yakitokea mitaani, ya wanyonge na wenye nguvu. Mwaka 1928 alipanda meli kwenda Bombay, Bara Hindi, akaimba mbele ya mitambo ya kutengeneza santuri. Alifariki mwaka 1950.

Je, tumeyajuaje maisha yake? Tumeyajua kwa sehemu kubwa kwa sababu Shaaban Robert wa Tanga, aliyekuwa karani wa serikali na mshairi, alishika kalamu akaandika wasifu wake. Siti alikuwa na bahati hiyo. Lakini ndugu zangu, wauza vyungu walikuwa wengi, na Shaaban Robert alikuwa mmoja. Tukingoja mwingine aje kutuandika, wengi wetu hatutaandikwa. Nanyi hamna haja ya kungoja, kwa kuwa kalamu sasa mnayo.

Tena, hamna haja ya kuandika kwa ajili ya ulimwengu mzima. Mwaka 1858, katika pande za Lamu na Pate, ambazo leo ni nchi ya Kenya, mwanamke aliyeitwa Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa. Alikuwa na binti, naye alihofu kwamba hatapata siku za kutosha kumlea. Akatunga utenzi, ukaandikwa kwa herufi za Kiarabu kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Ndani yake alimwusia binti yake jinsi ya kuishi na Mungu, na watu, na mumewe nyumbani. Aliandika kwanza kwa ajili ya binti yake. Utenzi huo umesomwa na watu kwa zaidi ya miaka 160, nao unahesabiwa miongoni mwa tungo kubwa za Kiswahili.

Sasa turudi kwa mama yetu mfinyanzi. Alikuwa na binti aliyekwenda mjini kutafuta kazi kabla hajajifunza kufinyanga sawasawa. Mwishoni mwa mwaka ule mama alinionyesha daftari jipya. Kurasa sita zilikuwa zimejaa: udongo wa kufaa unachimbwa wapi, unatambulikaje kwa kuupaka kwenye ulimi, chungu kikae kivulini siku ngapi kabla ya kupata moto. Ukurasa wa mwisho aliandika tena sentensi yake ya kwanza, na safari hii "chungu" ilikuwa na herufi zake zote. Akaniambia, "Huyu binti yangu labda hatafinyanga. Lakini siku akitaka, nami nisiwepo, ataniuliza humu."

Ndugu wasikilizaji, hiyo ndiyo faida ya kuandika. Mzee akifa na ujuzi wake kichwani, hasara ni ya kijiji kizima, na hakuna duka liuzalo ujuzi ule. Mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu wengi walifundishana kwa sababu kila aliyejua kidogo alimpa mwenziwe kidogo hicho. Mwalimu si yule mwenye chaki peke yake. Yeyote aliyeona jambo na kuweza kulieleza kwa mwenziwe ni mwalimu.

Kwa walimu wa madarasa nina neno moja. Msomeni mtu kwanza, ndipo msahihishe herufi zake. Sisemi kwamba tahajia si kitu. Neno lililoandikwa vibaya ni kama chungu chenye ufa: maana huvuja njiani, na msomaji aliye mbali hapati kitu. Sahihisheni, lakini kwanza ulizeni, "Umeona nini?" Mwanakisomo akijua kwamba jambo lake limesikiwa, herufi n atairudisha mwenyewe.

Haya, sasa shikeni kalamu. Kazi ya wiki hii ina sehemu tatu.

Ya kwanza: chagua jambo moja unalolifanya kila siku kwa mikono yako. Liwe ni kukama ng'ombe, kusuka ukili, kukaanga samaki, kutengeneza baiskeli au kufua. Lifanye kama kawaida, lakini polepole, ukilitazama na kulisikiliza.

Ya pili: andika sentensi tatu. Ya kwanza ianze na neno "Nimeona". Ya pili ianze na "Nimesikia", au "Nimenusa", au "Nimegusa". Ya tatu ianze na "Najiuliza". Hiyo ya tatu msiiache, maana ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Ya tatu: msomee jirani yako ulichoandika. Mwache akuulize swali moja. Ukijua jibu, liandike. Usipolijua, lileteni darasani mlitafute pamoja na mwalimu. Na mwalimu asipojua, aseme wazi kwamba hajui, kisha atafute, kama nilivyofanyizwa mimi na wavuvi wa Nyasa.

Maswali ya kuzungumza redio ikiisha kuzimwa ni haya. Kwa nini mama mfinyanzi aliacha kuja darasani? Je, katika kijiji chenu yuko nani mwenye ujuzi ambao haujaandikwa? Nani kati yenu atakwenda kumwuliza wiki hii?

Ndugu zangu, leo usiku mkirudi nyumbani, kabla ya kuinjika chungu cha mboga, kigongeni kwa kidole. Sikilizeni kinasema nini, kisha andikeni.

Mpaka tutakapokutana tena katika somo lijalo, nawaaga. Kwa herini.